Mgombea Aliyetazama Ukuta

Soko la Rionsase halijawahi kuwa na meya. Ni soko la vibanda sitini na kitu, kinu cha posho, duka la dawa za mifugo, hoteli mbili zinazouza chai ileile kwa bei ileile, na uwanja wa changarawe ambapo akina mama hutandaza ndizi Jumanne na Alhamisi. Ukitoka Ikonge kwa gari na ukapiga chafya mara mbili, umelipita. Lakini watu wa Rionsase wana majivuno yao, na mwenyekiti wa kamati ya soko wanamwita Meya. Ilianza kama utani. Siku hizi hata karani wa kaunti akifika huuliza Meya yuko wapi, wala hacheki.

Meya wa mwisho alifariki mwezi wa pili, akiwa amekalia kiti kwa miaka kumi na minane. Baada ya mazishi kamati iliita kikao cha kupokea majina ya wanaotaka kumrithi. Jina la kwanza lilikuwa la Cynthia Mong'ina, mwenye duka la dawa za mifugo, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye hata akienda msalani hutembea kama aliyechelewa mkutano. Jina la pili halikupatikana. Katibu akasema uchaguzi wa mtu mmoja si uchaguzi, ni harusi. Watu wakacheka, na mmoja wao kule nyuma akauliza mbona wasimweke Fundi Alfayo.

Alfayo Nyangau alikuwa ameketi karibu na mlango akingoja mvua ipungue. Alikuwa fundi wa nguo wa miaka sitini na minane, na cherehani yake ilikuwa imekaa kwenye baraza moja la pale sokoni tangu watu wanavaa suruali za bwaga, zile pana miguuni. Hakuja kugombea kitu. Alifungua kinywa aseme hapana, kisha akaona nyuso zote zimemgeukia, mia na zaidi, zikimngoja yeye. Akasema sawa.

Na hapa niseme ukweli wake mapema, maana wapo waliokuja kumsingizia tamaa ya uongozi uzeeni. Alfayo hakutaka kiti. Hakutaka mhuri wala kuitwa mheshimiwa. Mkewe Bathsheba alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na binti yao wa pekee, Linet, alikuwa akifanya kazi hotelini huko Doha na kumpigia simu kila Jumapili. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka sokoni, katikati ya majani chai na migomba, na siku nzima mlikuwa hamna sauti ndani yake ila ya saa ya ukutani. Wapo watu wanaoupenda upweke, hata wakautafuta. Alfayo ulikuwa unamla. Alikuwa amefikia hatua ya kushona kifungo kimoja kwa nusu saa, makusudi, ili mwenye shati asiondoke haraka.

Kesho yake baada ya kikao wageni walibisha hodi. Walikuwa Thadeus Anyona, mwenye bucha, pamoja na wanaume wawili wa upande wa kinu. Thadeus ni mtu wa maneno mengi na kikohozi kisichopona. Alisema wamekuja kupanga mikakati, maana mgombea hawezi kuachwa akae peke yake. Alfayo akazunguka nyumba nzima akitafuta vikombe. Vilikuwa viwili, na kimoja hakikuwa na mkono.

Wa pili kuja alikuwa Phanice, jirani wa ng'ambo ya kijito. Huyu hakuomba ruhusa. Aliingia jikoni moja kwa moja, akalizoa jivu la siku nyingi, akaguna alipoona sufuria, akaziosha zote. Mgombea mzima, alisema, anawezaje kuwapa watu chai ya rangi. Jioni ile moshi ulitoka katika lile paa kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu Bathsheba azikwe, na wapita njia walisimama kutazama.

Baada ya hapo walikuja kama waliopigiwa kengele. Kila siku saa kumi na moja jioni, wakishapima majani chai yao kituoni, walikata kona kwa Fundi Alfayo: kumi, kumi na watano, siku nyingine ishirini. Phanice na wenzake walipika ndizi, walisonga ugali wa wimbi, walichemsha chinsaga, mboga chungu ya huku, na kuikoleza maziwa. Alfayo aliazima viti kanisani. Vikombe alinunua dazani mbili, na alipokuwa akiviosha mwenyewe asubuhi, vyote vichafu, vyote vyenye alama za midomo ya watu, alikuwa akiimba. Wiki ya pili ilimbidi aachie mshono wa kiuno cha suruali yake.

Siasa hazikuzungumzwa sana. Mtu akimuuliza sera zake, alijibu kwamba tutaona, na wenzake wakaitikia kwamba naam, tutaona, kisha hadithi zikaendelea: ng'ombe wa nani amezaa pacha, nani amemtorosha binti wa nani hadi Nyansiongo, mhubiri gani alilala akiombea wagonjwa. Alfayo alisema machache. Alikaa katikati yao na kikombe chake, akisikiliza, na walipoaga aliwasindikiza mpaka barabarani, wakati mwingine mpaka milangoni mwao, akarudi polepole.

Jumapili Linet alipopiga simu alikuwa amekwisha kuisikia habari kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani. Hakufurahi. Alimwambia babake kwamba mambo ya soko yana maneno, kwamba presha yake inajulikana, kwamba kiti hicho hakina faida yoyote.

"Baba, kwani unataka nini hapo?" akauliza.

"Watu wanakuja, mwanangu," akasema Alfayo. "Kila siku wanakuja."

Kisha Linet akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba je, akishindwa watakuja? Alfayo akamwambia laini imeharibika, hamsikii vizuri. Laini ilikuwa safi kama maji ya chemchemi.

Swali lile ndilo lililokuwa rohoni mwake tangu siku ya kwanza. Alijua nyumba ya Meya haikosi watu. Nyumba ya marehemu ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na minane: aliyenyang'anywa kibanda alikwenda pale, aliyegombana na jirani alikwenda pale, hata aliyekosa pa kujikinga mvua alikwenda pale. Akishinda, moshi ungeendelea kutoka jikoni mpaka afe. Akishindwa, angebaki na vikombe dazani mbili. Hayo tu ndiyo aliyokuwa akigombea.

Siku kumi kabla ya uchaguzi Cynthia mwenyewe alikuja kwenye baraza la cherehani. Alimpa mkono kwa adabu, akakataa kiti mpaka mzee akae kwanza.

"Tata, baba yangu, sijaja kushindana na wewe," alisema. "Nimekuja kukueleza ninachotaka kufanya, unikosoe."

Akamweleza. Alitaka bomba la maji kutoka kwenye chemchemi ya juu, na alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye shamba. Alitaka choo cha akina mama, ambao siku ya soko hulazimika kununua chai wasiyoitaka ili waruhusiwe kutumia cha hoteli. Alitaka paa juu ya uwanja wa ndizi, maana Rionsase mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kila alasiri. Alikuwa na michoro, na barua zenye majibu. Mwisho akamwomba ajiondoe, awe makamu wake, kwa sababu watu wanamheshimu na yeye bado anaitwa mtoto.

Alfayo alizitazama karatasi zile kwa makini, kwa jicho la fundi anayejua kitambaa kizuri akikigusa. Alikuwa mtu mwaminifu, na moyoni alikiri palepale: huyu ndiye Meya. Angekuwa mpiga kura tu angejipanga nyuma yake kabla jogoo hajawika. Lakini makamu hatembelewi na mtu. Na akijiondoa leo, leo hiyohiyo Phanice atarudi kupika kwake. Zilibaki siku kumi, jioni kumi.

Akamwambia Cynthia kwamba atafikiria, na Cynthia akajua amekataliwa. Aliaga vizuri. Alfayo alibaki na aibu mpaka saa kumi na moja, wageni walipoanza kuingia, na hapo ikamtoka.

Kura za Rionsase hupigwa kwa mlolongo. Hakuna karatasi wala sanduku: mgombea anasimama, na anayemtaka anajipanga nyuma yake. Ila wao wana desturi moja ambayo sijaiona kwingine, si Nyamache wala Nyamira mjini. Wagombea husimama wakiwa wameuelekea ukuta wa kinu cha posho, pua karibu na matofali, na ni mwiko kugeuka mpaka karani aamuru. Aliyesababisha hayo ni marehemu Meya. Katika uchaguzi wake wa kwanza aliwakodolea watu macho wakijipanga, akamweka akilini kila aliyemkwepa, na mwaka mzima hao ndio waliopangiwa zamu ya kuzoa taka. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba mgombea atazame matofali ili mpiga kura awe na amani.

Uchaguzi uliwekwa Jumapili asubuhi, kabla ya mvua. Alfayo alivaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, akaota jua kidogo uwanjani akisalimia watu. Thadeus alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Phanice alimnyoosha kola, akamwambia jikoni ameacha kuku wawili wamekatwakatwa tayari. Kisha karani wa kaunti, kijana mpole mwenye daftari, akawaita wagombea ukutani. Cynthia akasimama kulia, Alfayo kushoto, nafasi ya hatua kama ishirini kati yao. Filimbi ikalia.

Mwanzoni alisikia changarawe. Ililalamika chini ya viatu vingi kwa pamoja, na sauti ile ikaenda kulia. Ikaendelea kwenda kulia. Nyuma yake hapakuwa na kitu, na upepo ulimpiga mgongoni bila kizuizi. Alilitazama tofali lililokuwa mbele ya macho yake, jekundu, lenye ufa, na sisimizi watatu wakiingia ndani ya ufa huo kwa zamu. Alijiambia watu wa kwake ni watu wazima, hawakimbii. Alijiambia Thadeus lazima afunge bucha kwanza. Dakika zilipita.

Kule barabarani lori lilipiga honi, na karani akasikika akipaza sauti kwamba wasisimame kwenye lami, wapinde, wapinde warudi ndani. Alfayo aliyasikia maneno hayo, ila kwake yalikuwa kelele tu. Kwa sababu wakati huo huo, nyuma yake, mbali kidogo, changarawe ilianza kusema.

Kiatu kimoja. Kisha viwili. Kisha vingi, vikisogea, vikisimama, vikisogea tena, kila mara karibu zaidi. Upepo ukaacha kumpiga. Akasikia mtu akipenga kamasi, akasikia kicheko kilichozuiwa, na baada ya muda, karibu kabisa, kikohozi. Kikohozi kile angekitambua hata kaburini. Kilikuwa cha Thadeus. Na mwanamke akamwambia mwenzake asimkanyage, na sauti hiyo ilikuwa ya Phanice. Alisikia harufu zao sasa, sabuni ya Jumapili na moshi wa kuni, na ile harufu ya majani mabichi ya chai isiyotoka mikononi mwa watu wa huku hata wakienda harusini.

Alfayo alifurahi. Sina neno kubwa zaidi la kutumia, na hili linatosha. Alisimama akiutazama ukuta, machozi yakimtiririka mpaka kwenye masharubu, na kwa kuwa hakuna aliyemwona hakuyafuta. Joto la watu lilikuwa mgongoni mwake. Alifikiria kwamba atahitaji birika kubwa, lile la harusi la lita kumi. Alifikiria kumjengea Phanice jiko la nje lenye bomba la moshi. Choo cha akina mama kitajengwa, Cynthia atamsaidia, yule ni mtoto mwema. Dakika zile zilikuwa kama robo saa, na katika miaka minne hakuwa amepata robo saa kama ile.

Filimbi ikalia. Karani akasema wagombea wageuke.

Alfayo alijifuta uso haraka, akavuta koti, akageuka akiwa tayari ametabasamu. Mbele yake, karibu kiasi cha kugusa, palikuwa na mgongo.

Hakuelewa. Alitegemea nyuso. Mgongo ule ulikuwa umevaa koti la kahawia ambalo kola yake aliigeuza yeye mwenyewe mwaka jana. Ilikuwa kola ya Thadeus. Mbele ya Thadeus kulikuwa na gauni la kijani lenye zipu aliyoibadilisha Krismasi, nalo lilikuwa la Phanice. Na mbele ya Phanice palikuwa na mwingine, na mwingine, mashati na sweta na makoti, na karibu yote aliyajua kwa mishono yake. Wote walikuwa wameupa ukuta mgongo. Alifuata mstari ule kwa macho, migongo mpaka barabarani, ambapo ulipinda kushoto ukafuata ukingo wa lami, ukapinda tena, ukarudi ukiteremka uwanja mzima, nyuso sasa zikitazama kinuni, mpaka kwa Cynthia Mong'ina.

Mlolongo ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa mrefu mno, uwanja ukaushinda, na mkia wake ndio ulioletwa na barabara mpaka nyuma yake. Yeye hakuwa na mtu.

Karani alianza kuhesabu kutoka kwa Cynthia, akimgusa kila mtu begani na kutaja idadi kwa sauti. Ilichukua muda mrefu. Katika mkia ule hakuna aliyegeuka, lakini shingo zilikuwa ngumu, na zilionyesha wazi kwamba kila mmoja alijua nani yuko nyuma. Siwalaumu sana. Mama wa ndizi anataka paa, mwenye bucha anataka maji, na kila mmoja aliyekunywa chai ile alikuwa na hakika kwamba fundi hatakosa watu, hata yeye asipokuwepo.

Hatimaye Thadeus aligeuza kichwa, nusu tu.

"Baba Linet," akasema kwa sauti ya chini, "nilidhani Phanice yuko kwako."

"Na mimi nilidhani ni wewe," akasema Phanice, bila kugeuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Alfayo alitazama kulia, palikuwa na uwanja mtupu mpaka kwenye ua wa michongoma. Alitazama nyuma, palikuwa na tofali lake. Karani alikuwa amekwisha kupinda kona ya kwanza, sasa ya pili, akija kwao, akigusa, akihesabu. Themanini. Mia. Mia na thelathini. Sauti yake ilikuwa ikipungua kadiri alivyokaribia, kama anayeingia chumba cha mgonjwa.

Alimgusa Phanice akasema mia moja arobaini na sita. Alimgusa Thadeus akasema mia moja arobaini na saba. Kisha mkono ukabaki hewani.

"Mzee," akasema, akifungua daftari ili apate pa kutazama, "wewe ni mgombea. Mgombea huhesabiwa kwake. Nikuandikie moja?"

Cynthia alikuwa ameuacha ukuta, amesimama mbali mkono mdomoni. Alfayo alivuta koti lake likakaa sawa. Akasogea nusu hatua, ndiyo iliyokuwa imebaki, mpaka kola ya kahawia ikawa mbele ya pua yake pale lilipokuwa tofali.

"Kwangu usiandike kitu," akasema. "Mimi ni wa laini hii."

Karani alimtazama, akamtazama Cynthia kule mbali, kisha akauweka mkono wake begani mwa Alfayo, akauacha hapo kitambo kuliko alivyofanya kwa wengine.

"Mia moja arobaini na nane," akasema.

Thadeus akasogea mbele kidogo kumpa nafasi, na Alfayo akasogea naye.